Shajara ya kiangazi: kuvuka na marando yangu mwenyewe, Igombe 2025

Shamba ni nusu eka, upande wa Igombe, Mwanza, ukielekea Kayenze. Juu kuna mawe makubwa, katikati udongo wa kichanga ule Wasukuma wanaouita luseni, chini Ziwa Victoria. Mimi ni fundi cherehani, kibanda changu kiko Mabatini mjini, kwa hiyo shamba ni la Jumamosi na Jumapili, na likizo za shule mwanangu akikubali kunisaidia.

Mwaka jana nilivuna viazi lishe, vile viazi vitamu vya rangi ya chungwa, mwezi wa saba, tukala, nikauza, nikagawia majirani kwa mbwembwe. Oktoba mvua ilipoanza sikuwa na hata rando moja, kile kipande cha shina la kiazi kinachopandwa kama mbegu. Nikanunua viroba vitatu vya marando kwa mtu wa bondeni. Nusu yake yalikuwa na virusi, majani yamekunjamana kama nguo iliyokamuliwa ikaachwa kwenye beseni. Msimu ule ulikufa kabla haujaanza, na Machi nikaomba mbegu kwa jirani.

Mradi wa mwaka huu ni mmoja: nivuke kiangazi nikiwa na mbegu yangu. Mahindi, kuku na uzio vinaingia humu kwa kuwa vipo na vinadai.

Jumamosi, 5 Julai

Nimepima kwa tepu ya kazini. Matuta 14, kila moja mita 20, yaliyopandwa wiki ya kwanza ya Machi. Aina ni Kabode, ile yenye nyama ya rangi ya chungwa iliyokolea.

Mvua ya maana ilikata katikati ya Mei, na migongo ya matuta imeshapasuka. Kwenye tuta la tatu vidole vyangu viwili vimezama kwenye ufa hadi vikagusa kiazi. Huo ndio mlango wa fukuzi. Ni mdudu mweusi mdogo mwenye pua ndefu kama sindano, na hana nguvu ya kuchimba udongo. Anasubiri ardhi ipasuke, anashuka kwa miguu yake, anataga kwenye kiazi. Watoto wake wanatoboa njia ndani, na kiazi kinakuwa kichungu chote, hata ile sehemu ambayo hawajaifikia. Ukikipika nyumba nzima inajua.

Nimefukia nyufa kwa jembe kwenye matuta sita mpaka mgongo ukakataa. Ningevuna leo, ila leo sina watu. Vijana ninaowategemea ni wa dagaa, na mwezi bado mdogo.

Asiyekaa pwani ya ziwa hili anaweza asielewe. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Zamani karabai, siku hizi za sola. Mwezi ukiwa mpevu taa haina maana, dagaa hawaifuati, mitumbwi inapumzika, na vijana wanashona nyavu au wanatafuta kibarua. Basi kalenda ya shamba langu imebandikwa juu ya mwezi, na mwezi mpevu ni tarehe 10.

Jumapili, 6 Julai

Nimekuja na mfuko wa vitambaa vya mabaki. Nimepita tuta kwa tuta nikifunga kitambaa chekundu kwenye shina lisilo na jani lililokunjamana, lisilo na madoa ya njano, lenye marando manene. Katika matuta 14 nimepata mashina 11 tu ambayo roho yangu imeyakubali. Babu jirani kapita akauliza kama nimeoteshea nguo.

Kazi hii lazima ifanywe majani yakiwa bado yapo. Ukishang'oa, viazi vyote vinafanana.

Jumamosi, 12 Julai

Tumevuna. Vijana wanne, shilingi 2,500 kwa tuta, chai na maandazi juu yangu. Walianza saa kumi na mbili na nusu asubuhi, saa nne walikuwa wameshamaliza. Mimi nilikuwa nyuma yao na mizani ya kuning'iniza.

Jumla kilo 246. Safi 205, zilizotobolewa na fukuzi 41. Nimeandika kila tuta peke yake, na matuta sita niliyoyafukia wiki iliyopita yametoa kilo 9 tu za viazi vibovu kati ya hizo 41. Mengine manane yametoa 32. Najua wiki moja si kipimo, pengine sehemu ile ilikuwa na afadhali tangu mwanzo, lakini mwakani jembe la kufukia linaanza Juni.

Mashina yenye kitambaa chekundu niliyang'oa kwa mikono yangu. Vijana wana haraka, na jembe likigusa kiazi cha mbegu kimeoza tayari. Nimechukua vidogo tu, unene wa kidole gumba hadi yai la kuku, visivyo na tundu wala mchubuko. Vimefika 44.

Mnunuzi amekuja na viroba vyake, na kama kawaida kiroba kimevikwa kofia: kimejaa, kimeshonewa wavu juu, kimeongezwa tena. Lumbesa hiyo. Nikamwambia mimi ni fundi, mshono ule naujua, na mizani ipo hapa. Tukauziana kwa kilo. Kachukua 120, hakufurahi sana.

Jumapili, 13 Julai

Vile 44 vimelala kivulini tangu jana vipoe. Leo nimevizika kwenye mchanga.

Mchanga niliuanika juu ya jiwe siku nzima ya jana, nikauacha upoe usiku kucha, kwa sababu mchanga wa moto unapika mbegu. Ndani ya beseni pana: tabaka la mchanga, tabaka la viazi visigusane, mchanga, viazi, na juu mchanga wa kufunika. Beseni liko kwenye pembe ya kibanda cha shambani, mbali na dirisha, juu ya matofali. Maji hayaruhusiwi kabisa. Kiazi kinatakiwa kilale, na kikipata unyevu kitaamka kabla ya wakati wake.

Njia hii si yangu. Wataalamu wa viazi wanaifundisha kwa wakulima wenye kiangazi kirefu wasio na bonde la maji. Njia nyingine ni kitalu cha marando unachokimwagilia miezi yote mitatu, na hiyo kwa mtu wa Jumamosi na Jumapili ni ndoto.

Jumamosi na Jumapili, 19–20 Julai

Shangazi amekuja kutoka Sengerema kwa ajili ya michembe. Amepita juu ya daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 19, mara yake ya kwanza. Zile kilomita tatu alizozoea kuzisubiria kwenye foleni ya pantoni, safari hii amevuka hata hajamaliza kutafuna muwa. Salamu zilikuwa hazijaisha ameshaniuliza, "Viazi vimelegea?"

Vimelegea. Kwa michembe viazi viachwe siku kadhaa vinyauke, ndipo vimenywe na kukatwa vipande vibichi, vianikwe. Ukivichemsha kwanza ndipo ukate na kuanika, hayo ni matobolwa, utamu mwingine kabisa. Shangazi anaheshimu michembe zaidi. Matobolwa kwake ni chakula cha watoto na watu wa mjini, na alinitazama aliposema hivyo.

Uanikaji wetu ni juu ya mawe. Nadhani Mungu alipoyamwaga mawe Mwanza alikuwa anafikiria michembe: yako juu, hayana vumbi, asubuhi yanachelewa kupata joto lakini saa sita yanaunguza nyayo. Tumekata kilo 60 kwa siku mbili. Viazi vyeupe alivyokuja navyo yeye tumevitandaza juani peupe. Vya kwangu vya chungwa tumevitandaza upande wa kivuli chenye upepo, na hapo tumebishana.

Nikamweleza: "Shangazi, ile rangi ndiyo yenye vitamini A. Jua kali linaiunguza."

"Na kivuli kinaleta ukungu. Utakula rangi au utakula ukungu?"

Wote tuna hoja. Kivulini vipande vinakauka kwa siku nne badala ya mbili, na vikichelewa vinaota ukungu kweli. Tumeafikiana vikatwe vyembamba zaidi, vipate jua la asubuhi mpaka saa nne, kisha vifunikwe na chandarua chakavu. Hata hivyo vikikaa ghalani miezi mingi rangi inaendelea kupungua, kwa hiyo vya chungwa tutavila kwanza.

Pimbi wamekuja saa kumi jioni. Wamekaa juu ya jiwe la pili wakitutazama kama wakaguzi. Hawakugusa kipande hata kimoja, ila majani ya viazi yaliyobaki shambani wameyapiga panga.

Jumamosi, 26 Julai

Mahindi. Robo eka, viroba viwili kasoro kidogo baada ya kupukuchua. Kuyajua kama yamekauka natumia chumvi: chupa kavu ya soda, chumvi iliyokaangwa ikakauka, mahindi kiasi, unatikisa, unaacha robo saa. Chumvi ikishika kwenye kioo, mahindi bado. Ikidondoka yote chini, yako tayari. Jaribio la kwanza ilishika, nikaanika tena siku mbili turubaini, la pili ikadondoka. Sina mchezo na hili. Mwaka 2016 sumukuvu, sumu ya ukungu wa nafaka, iliua watu Dodoma na Manyara, na yale yalikuwa mahindi ya nyumbani tu kama haya.

Nimeyatia kwenye mifuko ya PICS, ile yenye mifuko miwili ya plastiki ndani ya kiroba. Unakamua hewa, unafunga wa ndani, unafunga wa kati, unafunga wa nje, kila mmoja kamba yake. Wadudu waliomo wanaishiwa hewa. Babu kaniletea debe lake la mwaka jana nilione: unga mtupu, kazi ya dumuzi. Huyo dumuzi aliingia nchini upande wa Tabora miaka ya 1970 mwishoni, na wazee bado wanamwita skania, kama yale malori.

Jumamosi, 2 Agosti

Nimefukua beseni. Vitatu vimeoza, vimetupwa pamoja na mchanga uliovizunguka. Viwili vilikuwa vimeota chipukizi nyeupe, nimezikwanyua. Vimebaki 41. Nimezika tena.

Jumamosi, 9 Agosti

Jana nilifunga kibanda nikaenda Nane Nane, Nyamhongolo. Jua kali, muziki mkali zaidi. Kwenye banda la watafiti nilisimama mbele ya viazi nikasikiliza kijana akieleza virusi vinavyoenezwa na inzi weupe na vidukari. Nikamwuliza kitu kimoja tu: kitalu kikae umbali gani na shamba lenye ugonjwa? Jibu lake: mbali kadiri unavyoweza, na shamba la zamani ling'olewe kwanza, lisibaki na viazi vilivyojiotea. Nililijua hilo. Nilitaka kulisikia kwa mtu mwenye fulana ya kazi.

Leo mwezi ni mpevu, vijana wapo. Wameng'oa mabaki yote ya viazi kwenye matuta 14, wamechoma yenye virusi. Guta limeleta samadi safari mbili.

Jumamosi, 16 Agosti

Chanjo ya kuku. Upepo mkavu huu ndio unaoleta kideri, na mwaka juzi nilibaki na jogoo mmoja aliyekuwa kama amefiwa. Kwa hiyo sasa kila miezi mitatu, chanjo ya tone moja jichoni. Chupa moja inawatosha kuku wengi kuliko wangu 23, na tukishaifungua tunaimaliza siku hiyohiyo, basi tunachangishana nyumba tano. Kazi inafanyika saa kumi na moja alfajiri kuku wakiwa bado bandani. Baada ya hapo ni mbio.

Nimemchanja kuku mmoja mara mbili. Najua kwa sababu alinidonoa mara mbili mahali palepale.

Mayai yanapungua kwenye kiota cha chini. Nyayo za kenge zimeonekana, na mkia wake umechora mstari mrefu kwenye vumbi mpaka kwenye matete. Kiota kimepandishwa.

Jumamosi, 23 Agosti

Siku ya kitalu. Hesabu ni ya kurudi nyuma: mvua natarajia katikati ya Oktoba, na viazi vinahitaji wiki sita hadi nane toka vipandwe mpaka vitoe marando ya kukata. Basi ni leo.

Beseni limetoa viwili vilivyolegea na kimoja kilichokauka kama tangawizi kuukuu. Vizima 38, karibu vyote vikiwa na vichipukizi vifupi vya zambarau. Nilivitazama kwa muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji.

Kuhusu mahali, Babu alinishauri nipande chini kabisa, kwenye unyevu, nisihangaike na madumu. Nikashuka na tepu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 toka ukingo wa maji, na pale alipoonyesha ni mita 22. Babu kacheka. Alikuwa mtoto ziwa lilipopanda kati ya 1961 na 1964, zaidi ya mita mbili, na anakumbuka shamba la baba yake likiwa majini, mihogo na yote. "Hiyo tepu yako unapima toka wapi? Toka ziwa la leo au la jana?" Hoja nzuri. Mwaka jana tu lilipanda tena, na mkuyu aliouonyesha kwa fimbo bado umesimama majini, umekufa. Vilevile kule chini viboko hupanda usiku kula. Tumepanda mita 74 toka kwenye maji, na hapo ndipo gharama ya madumu ilipozaliwa.

Kitalu: samadi imechanganywa, mashimo yameachana nusu mita, kiazi kimefukiwa kabisa, majani makavu juu. Kila siku ya pili madumu sita ya lita 20, kwa baiskeli. Mjukuu wa Babu, kijana wa miaka kumi na tisa, ndiye tuliyeelewana naye, shilingi 2,000 kwa siku ya kumwagilia. Nimemnunulia gambuti, kwa sababu pale wanapochotea maji pana kichocho, na konokono wake unawaona kwa macho kwenye magugu. Alizivaa safari ya kwanza. Safari ya pili nilizikuta zimening'inizwa kwenye baiskeli, zinapendeza. Tumeongea.

Jumamosi, 30 Agosti

Nguo za harusi mbili. Sikwenda shambani.

Jumapili, 7 Septemba

Jana: viazi 33 kati ya 38 vimeota. Vingine vina machipukizi matano, sita. Urefu kiganja. Nimepiga picha, na mwanangu anasema ninapiga picha za majani kuliko za watoto.

Nimelala huku ili kesho asubuhi tumwage samadi kwenye matuta mapya. Usiku wa leo mwezi mpevu umepatwa. Saa mbili na nusu ulikuwa umefunikwa wote, mwekundu kama chungu, ukakaa hivyo mpaka saa nne kasoro dakika chache. Vijana wa dagaa walikaa juu ya jiwe wakiutazama. Mmoja kasema, "Giza hilo limekuja, twendeni ziwani." Mwingine akamwuliza mafuta ya injini ya saa moja na nusu atalipa nani.

Jumapili, 14 Septemba

Ng'ombe wameingia.

Ilikuwa Alhamisi, mimi niko Mabatini, nimepigiwa simu na mjukuu wa Babu huku sindano iko katikati ya mshono. Baada ya mavuno huku ng'ombe huachiwa walishe mabua, desturi ya siku zote, na mashamba yote yamekauka isipokuwa kipande kimoja cha kijani chenye ukubwa wa chumba. Uzio wangu wa minyaa una pengo kwenye kona ya juu, nililiona tangu Julai, nikaliandika pembeni mwa daftari "pengo", nikaliacha pale daftarini. Ng'ombe wanane. Ninashukuru kijana alikuwa karibu.

Mashina 12 yameliwa mpaka kwenye udongo. Manne kati yake yameng'olewa kabisa na viazi vyake. Nimekaa chini kwanza.

Kisha nimekwenda kwa mwenye ng'ombe, Babu akiwa mbele, kwa sababu mimi peke yangu ningesema maneno ambayo yangenigharimu ujirani. Shikamoo zimepita, maji yameletwa, tumeongea habari za mvua, za mtoto wake aliye Geita, za bei ya pumba. Nusu saa nzima hakuna aliyetaja ng'ombe. Ndipo Babu akasema kuna kitoto cha shamba kimeumia. Mwenye ng'ombe akaomba radhi, akasema mchungaji ni mgeni. Akauliza nataka nini. Nilikuwa nimejiandaa kudai pesa, lakini pesa ya marando ambayo hayajakuwa marando ninaihesabuje? Nimeomba samadi trela mbili na mtu wa kunisaidia kuziba pengo. Kakubali yote, na kaongeza lita mbili za maziwa. Wabeja, nikasema, asante ya Kisukuma. Njiani Babu kaniambia pengo lilikuwa langu. Nilikuwa najua.

Jumamosi, 20 Septemba

Pengo limezibwa kwa miti na miiba, na vipande vya minyaa vimechomekwa chini yake ili mvua ikija vishike. Minyaa haina shida ya kuota, shida ni utomvu: ukiruka jichoni unaweza kukupofusha. Nimevaa miwani ya mwanangu ya pikipiki. Mchungaji mgeni ni mtoto wa watu, mpole, amefanya kazi siku nzima bila kuinua kichwa. Nimempa michembe.

Mashina manane yaliyoliwa bila kung'olewa yameanza kuchipua tena, membamba.

Jumamosi, 27 Septemba

Joto. Maji madumu sita hayatoshi tena, sasa nane. Upepo wa juzi umesukumia magugu maji ufukweni, na kijana amevuta mzigo mzuri mpaka juu. Yakishakauka kabisa juani tunayatandaza kitaluni kuhifadhi unyevu. Yakitandazwa mabichi yanabaki yameloa na kuvuta konokono.

Michembe ya chungwa imeshuka nusu kiroba. Tunaila na karanga asubuhi. Mwanangu aliyesema ni chakula cha wazee anajificha kula.

Jumamosi, 4 Oktoba

Vijidudu vya ziwani vimepanda leo, nguzo kama moshi katikati ya maji, mbali kuelekea kisiwa cha Bezi. Upepo umegeuka. Kuku wamekula walivyoanguka mpaka wakashindwa kutembea.

Matuta mapya tumelima saba. Nilikuwa nimepanga 14, lakini nimeshahesabu mashina kwa macho na najua yatatosha wapi.

Jumamosi, 11 Oktoba

Mvua ilinyesha Jumatano usiku na jana alasiri. Udongo umelowa kina cha kiganja na nusu. Nimekuja na mkasi wa kazini, ule wa akiba, nimeuchovya kwenye maji ya sabuni kila baada ya shina.

Rando ni sentimita 30, kukata juu ya udongo si chini, ili fukuzi asisafiri nayo. Nilikata polepole, nikihesabu kwa kumikumi na kufunga kwa vitambaa vilevile vyekundu. Mashina 21 ambayo hayakuguswa yametoa marando 273. Yale manane yaliyoliwa yametoa 24. Jumla 297.

Nimeyaacha kivulini, majani ya chini yametolewa, yamefunikwa na gunia bichi.

Jumapili, 12 Oktoba

Tumepanda toka saa kumi jioni jua lilipolegea: mimi, mwanangu, mjukuu wa Babu akiwa na gambuti miguuni. Tepu imelazwa mgongoni mwa tuta, rando kila sentimita 30, theluthi mbili za rando chini ya udongo. Tuta moja linameza marando 67. Manne yamejaa. La tano limefika karibu mita tisa yakaisha, mwanangu akasimama na mikono mitupu akiuliza lingine liko wapi.

Kitalu hakijang'olewa. Mashina yamebaki na vishina vifupi, tumeyamwagia samadi na yatakatwa tena mwishoni mwa Novemba. Huko ndiko sehemu iliyobaki ya tuta la tano itatoka, na la sita, na pengine la saba. Babu ameomba marando ishirini ya awamu hiyo. Nimeyaandika, safari hii si pembeni mwa daftari.